Ufunguo wangu niliutoa mwenyewe

Niliwahi kuwa mshika ufunguo wa kikoba kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza. Watu wakiniuliza udikteta unaingiaje kwenye nchi yenye bunge na sanduku la kura, huwa naanzia hapo ndipo niende Ujerumani.

Sanduku la kikoba mnalijua: la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Wangu niliuvaa shingoni kwa uzi wa nyavu. Mwaka ule mvua ilipiga mfululizo, dagaa wakaozea kwenye vichanja, waliokopa wakashindwa kurejesha. Kijana mmoja mwenye maneno matamu akaanza kusema shida si mvua, shida ni wenzetu wa visiwani, wanakopa kisha wanapanda boti. Daftari naandika mimi, kwa hiyo nilijua waliodaiwa zaidi ni wa hapahapa mjini. Nikanyamaza. Nilidhani giza la mwezi likiingia, mitumbwi ikirudi ziwani kuvua, maneno yataisha yenyewe.

Hilo la kwanza nakwambia: uongo wa namna hiyo ukanushe siku unapozaliwa, ukiwa bado wa mtu mmoja. Ujerumani, mwaka 1928, chama cha Nazi cha Adolf Hitler kilipata viti 12 tu bungeni. Uchumi ukaanguka, na mwanzoni mwa 1932 Wajerumani wasio na kazi walikuwa kama milioni 6. Julai mwaka huo chama kile kikapata viti 230. Mtu mwenye njaa ukimpa wa kumlaumu, hakuulizi ushahidi.

Lakini wengi wanaishia hapo, wanasema Hitler "wananchi walimchagua." Mimi nabisha. Novemba 1932 kura za Hitler zilishuka, viti vikabaki 196. Alikuwa anateremka! Aliyempandisha si mpiga kura. Ni wakubwa waliogombana wao kwa wao, akina Franz von Papen aliyewahi kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, waliomshawishi Rais Hindenburg, na tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa Kansela. Katika baraza lile la mawaziri Wanazi walikuwa watatu tu, yeye akiwemo. Von Papen, akiwa makamu, aliamini watamwendesha. Italia ilikuwa hivyohivyo mwaka 1922: mfalme alikataa kutia saini amri ya hali ya hatari ya kuwazuia Wafashisti, akamkabidhi kiongozi wao Mussolini serikali, na chama chake bungeni kilikuwa kidogo.

Nikisoma habari hizo namwona mwenyekiti wetu. Mama wa heshima, amegombana na mweka hazina hadi hawasalimiani. Akaniita kando ya vichanja: "Mdogo wangu, tumweke yule kijana mbele, ana sauti. Sisi tutabaki na daftari." Nikaona ni akili.

Miezi miwili baadaye tukakuta kufuli moja limechokolewa. Fedha zote zipo. Nani alichokoa, hatujui hadi leo. Kijana akasema funguo zote akae nazo yeye, kwa muda tu, mpaka hali itulie. Wenzake wamesimama mlangoni, sisi tunanyoosha mikono. Nikafungua uzi shingoni.

Berlin bunge liliungua usiku wa tarehe 27 Februari 1933. Kesho yake Rais akatia saini amri iliyosimamisha haki za raia. Machi 23 wabunge wakapigia kura sheria ya kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila wao, askari wa chama wakiwa ndani ya ukumbi. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamefungwa au wamejificha. Waliosema ndiyo 444, waliosema hapana 94, wote wa chama kimoja cha Wasoshalisti. Sheria ilikuwa ya miaka 4, ikaongezwa tena na tena. Kufikia Julai chama halali kilikuwa kimoja.

Kikoba si Ujerumani, nalijua hilo. Kwetu hakuna aliyekufa. Wenzetu wa visiwani waliacha kuja, mgao wa Desemba tukatajiwa kwa mdomo, na nilipodai ufunguo nikaulizwa mbele ya watu: "Kwani dada huniamini?" Wote wakaangalia chini, na mama mwenyekiti akiwemo.

Kwa hiyo "kwa muda" ikitajwa, usibishane juu ya nia ya mtu. Uliza mambo mawili: mwisho ni tarehe ngapi, na nani ana nguvu ya kumnyang'anya akigoma. La pili likikosa jibu, mkono wako usipande, hata kama aliyependekeza ni mtu unayemheshimu.

Sasa niko kikoba kingine. Mwezi uliopita mshika ufunguo mmoja alikuwa anaenda msibani Sengerema, akataka kumwachia mwenzake ufunguo wake, siku tatu tu. Nikasema iandikwe, na tarehe, na wa tatu atie saini. Wakaniita mkorofi. Shangazi mmoja akasonya, akachukua kalamu, akaandika.