Jibu: Mota ikihamishwa, historia yake iende wapi?
Mkuu, umeuliza kama kila mashine ya kiwanda chenu cha minofu ya sangara hapo Mwanza uiingize kwenye programu ya matengenezo kwa jina la mahali ilipofungwa. Hapana, tafadhali. Tenganisha mahali na mashine.

Mahali hapahami: kiwanda, chumba cha baridi, mfumo wa amonia (gesi ya kupozea), nafasi ya kompresa ya 2. Mti wako, yaani mpangilio wa ngazi kutoka kiwanda hadi nafasi, ujenge hapo. Mashine ipe namba isiyotaja mahali, andika na namba iliyogongwa kwenye kibao chake, kisha iweke kwenye nafasi. Mota ikiungua ikapelekwa kusukwa waya upya, unaitoa. Ikirudi na kufungwa kwenye pampu ya maji ya ziwa, historia yake ya matengenezo inaifuata, na ile nafasi ya zamani inabaki na yake. Ndipo utajua mbovu ni mota, au ni nafasi inayokula beringi kila ikifungwa mota mpya.

Beringi na sili (vizuia uvujaji) ziache kwenye orodha ya vipuri. Valvu za usalama za amonia zipe namba zake, maana hukaguliwa moja moja.

Anzia chumba cha kompresa, uzunguke na fundi wa zamu mkisoma vibao. Ile orodha ya mashine ya Excel iliyoko ofisini usiipakie kwenye programu kabla ya hapo.