Nilimpa Mlinzi Kitabu Kisichomfaa

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, nilikuwa nateremsha geti la duka ujumbe ukaingia kwenye simu. Namba ngeni.

"Habari za siku, dada. Ni yule mlinzi wa jengo la jirani, uliwahi kuniazimisha riwaya. Sasa hivi niko Manyoni. Nitafutie kitabu kipya kizuri, nauli ya basi nitatuma."

Nilikaa kwenye kreti la soda nikausoma mara tatu. Huyu kaka nilijua nimempoteza. Na nilijua kosa lilikuwa langu.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nina stesheneri hapa Dodoma, Area C. Natoa kopi, nauza madaftari, nachapa barua za maombi ya kazi. Nyuma ya kaunta kuna rafu ya riwaya ninazoazimisha kwa shilingi 500 kwa wiki. Nilianza na vitabu 14 alivyoacha marehemu baba, aliyekuwa karani wa reli. Alikuwa mpenzi wa riwaya za upelelezi. Ndiye aliyenionjesha mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye Wazanzibari walianza kumsoma tangu 1960, kisha jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba. Alikuwa akitusomea kwa sauti umeme ukikatika, na ikifika penye taharuki anafunga kitabu anasema, "Kesho." Tulikuwa tunalia.

Serikali ilipohamia huku, watu walikuja wengi, na wengi walikuja peke yao. Mume yuko Mtumba, kwenye mji wa serikali, ofisini, mke na watoto wamebaki Dar kwa sababu ya shule. Jioni ya Dodoma ni ndefu kwa mtu wa namna hiyo. Upepo unavuma, vumbi linaingia hadi kwenye shuka, chumba kina godoro na jiko la gesi. Hao ndio walionijazia daftari la wateja. Rafu ikafika vitabu 100, ikafika 200.

Sasa nieleze kilichoniumiza, maana bila hicho hamtanielewa.

Mwaka 2021, mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli ya fasihi, watu ambao hawakuwahi kuzungumzia vitabu wakaanza kuvizungumzia. Hapa mjini paliandaliwa mkutano wa fasihi, nikaalikwa niseme machache kuhusu wasomaji wa kawaida. Nilijiandaa wiki nzima. Nilivaa gauni langu la kitenge jipya. Nikaeleza ukweli wa daftari langu: watu wanaazima mapenzi, wanaazima upelelezi na ujasusi, wanaazima hadithi za majini na uchawi. Msomi mmoja akaomba kipaza sauti. Akasema hizo ni riwaya pendwa, yaani za kuburudisha tu, si riwaya dhati, zile nzito, na kwamba "huyu dada anasambaza ugonjwa halafu anajiita tabibu." Ukumbi mzima ukacheka.

Nimeandika sentensi hiyo leo kwa mara ya kwanza. Bado inauma.

Niliporudi nikapanga rafu upya. Zile za mapenzi nikazisukuma chini, zile nzito nikaziweka usawa wa macho. Kila aliyeuliza "kuna nini kipya?" nilimpa kitu ambacho yule msomi angekikubali. Nilikuwa nampendekezea msomi vitabu kwa kupitia mikono ya wateja wangu. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Katika kipindi hicho ndipo yule mlinzi alipokuja. Aliingia saa kumi na moja na nusu jioni, kabla ya zamu, na koti lake zito begani. Akasema, "Dada, nataka kitu cha kunikesha macho hadi alfajiri." Mtu ameomba taharuki, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nikampa *Nagona* ya Kezilahabi, iliyotoka 1990. Nikajiambia ni nyembamba, hatachoka.

Mliokisoma mnajua. Ni kitabu kikubwa ndani ya kurasa chache. Kinakwenda kama ndoto, kinauliza maswali ya kuwepo na kutokuwepo, na kinataka msomaji asiye na haraka, aliyeketi, mwenye nafasi ya kurudia ukurasa. Kwa mtu anayepambana na usingizi chini ya taa moja ya nje, ni kumwonea.

Alikirudisha baada ya wiki tatu, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisiingie vumbi. Akalipa hadi zile wiki za ziada. Akasema, "Nashukuru, dada. Nadhani kichwa changu hakikuumbiwa vitabu." Akatoka, na hakurudi tena.

Kitabu hakikuwa kibaya. Kichwa chake hakikuwa kibaya. Mpendekezaji ndiye aliyekuwa mbaya siku ile, na mtu mzima akaondoka akiamini kwamba amepungukiwa.

Kwa hiyo ninyi mnaoniandikia kila mwezi mkitaka kuwa watu wa kuulizwa "nisome nini," mnaotaka kufungua vikundi vya usomaji na maktaba ndogo kama yangu, nisikilizeni. Kabla hujataja jina la kitabu, uliza maswali mawili. La kwanza: kitabu gani cha mwisho ulikimaliza? Usiulize anachokipenda, maana hapo atakutajia cha kujionyesha. Uliza alichokimaliza. La pili: nini hutaki kukutana nacho? Hili la pili watu hawaliulizi kabisa. Kuna mama alifiwa na mume, shoga yake akamwazimia kutoka kwangu riwaya ya mapenzi yenye mazishi sura ya tatu. Ilirudi siku hiyohiyo.

Upelelezi na ujasusi ndiyo mlango mkubwa. Mtu aliyekaa miaka bila kusoma, mwingize kwa hapo. Angalia sura ya kwanza: kama maiti au siri haijatokea ndani ya kurasa kumi, huyo msomaji mpya hatafika ya kumi na moja. Angalia pia kama mwandishi mpya anamwacha mpelelezi wake akosee. Waandishi wengi chipukizi wanamfanya shujaa ajue kila kitu, na hapo taharuki inakufa.

Mapenzi, wala usimcheke anayeyaomba. Muulize tu kama anataka ya kulia au ya kufurahi, hayo ni makabati mawili tofauti.

Za kutisha zinasomwa sana na vijana wa chuo, hasa wale wa UDOM wanaoishi vyumba vya kupanga. Hizi usimpe mtu anayelala peke yake bila kumwonya. Bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, kwa Kiswahili bado ni chache kwenye rafu yangu, nazo zikiingia hazikai. Wanaoziomba ni watoto wa sekondari wanaoshinda kwenye sinema za simu. Ukipata moja, mwite mtoto kabla hajakuuliza.

Riwaya za kihistoria ndizo zilizonishangaza. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Gurnah, ilitoka 2022, miaka 28 baada ya kile cha Kiingereza cha 1994. Niliogopa itakaa bila kuguswa. Ni kisa cha Yusuf, kijana anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara, Wajerumani nao wakiwa wameshaanza kuishika nchi. Nilimpa mzee mmoja wa Kigogo wa Mvumi aliyekuja kutoa kopi za hati ya shamba. Nilimuuliza maswali yangu mawili. Akasema amemaliza Biblia na kitabu kimoja cha historia, na hataki matusi. Alirudi baada ya siku tisa, akasimama kaunta karibu saa nzima. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, na watemi wa huku walitoza hongo, yaani ushuru, kwa kupita na kwa maji. Yule mzee alikuwa amesimuliwa habari za hongo na babu yake, na hakutegemea kukutana na dunia ile ndani ya riwaya. Tangu hapo ameshaleta wenzake wawili.

Yule msomi angefurahi kusikia hilo. Lakini mzee hakukisoma kwa sababu mwandishi wake ana Nobeli. Alikisoma kwa sababu aliulizwa kwanza.

Mnaniuliza vipya navipata wapi. Nafuatilia tuzo. Ile ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imeibua riwaya ambazo huenda zisingechapwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, ikaanza na riwaya na ushairi. Na nafuatilia simulizi za kwenye simu. Humo kuna wenye vipaji, wanatoa sehemu za mwanzo bure na zinazobaki kwa malipo. Mabinti wanakuja niwachapie simulizi nzima ili mama zao wasome, macho yao hayawezi kioo cha simu.

Na hapa nitasema kwa ukali. Ukiletewa simulizi ya kulipia iliyovujishwa, usiisambaze. Ukija dukani kwangu na riwaya ya mtu unataka nikutolee kopi kitabu kizima, nitakukatalia, na nimeshawakatalia watu wenye vyeo. Huwezi kulalamika kwamba hakuna riwaya mpya za Kiswahili huku unamnyima mwandishi bei ya sahani ya chipsi. Lipa. Mlipie na rafiki yako. Kisha muulize rafiki yako yale maswali mawili kabla ya kumpa.

Muulize pia atasomea wapi. Kabla ya treni ya SGR kuanza kuja Dodoma mwaka 2024, msafiri wa Dar alikuwa na siku nzima ndani ya basi na nilikuwa nampa kitabu kinene. Sasa anafika kwa saa chache, namtafutia chembamba au mkusanyiko wa hadithi fupi.

Yule mlinzi nilimpigia usiku uleule, sikutaka kumjibu kwa maandishi. Nikamwomba radhi kwanza. Akacheka, akasema alishasahau. Sikuamini, lakini nilishukuru.

Nikamuuliza alichomaliza mwisho. Akasema ni kimoja cha Willy Gamba, alikikuta kwa mjomba wake akiwa kidato cha pili. Nikamuuliza nini hataki kukutana nacho. Akanyamaza, nikasikia mbwa wanabweka huko aliko.

"Mtoto asife, dada," akasema. "Kwingine kote sawa."

Sikumuuliza zaidi. Niliwasha tena taa ya duka nikapitia rafu. Nilikuwa nimeshamfikiria vitabu vinne vipya vya upelelezi, viwili nikavirudisha mahali pake, cha tatu nikakisoma mwisho wake nikiwa nimesimama, nacho nikakirudisha. Jumatatu alfajiri nilikwenda stendi ya Nzuguni nikamkabidhi cha nne konda wa basi la Singida linalopita Manyoni, kifurushi nikalipia mwenyewe.

Jana ameniandikia kwamba yuko ukurasa wa 64, na ole wangu nikimwambia kinachofuata.