Jibu: Mota inayoyumba polepole kulizunguka lengo

Habari za kazi, Mwalimu. Nimeelewa kwamba wanafunzi wako wanadhibiti pembe ya mota ndogo ya DC kwa Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa) na kidhibiti cha PID (programu inayorekebisha amri ya mota kulingana na kosa la sasa, jumla ya makosa na kasi ya kosa kubadilika), na kwamba mota huyumba hata wanapopunguza vizidishi vyote.

Kwanza waukate kabisa mrejesho (usomaji wa sensa unaorudi kwenye kidhibiti), waongeze amri ya PWM (kiwango cha nguvu kinachopelekwa kwa mota) kidogo kidogo kutoka 0 kuelekea 255, na waandike thamani ambayo mota huanza kuzunguka kila upande. Katika maabara ninayofundisha, msuguano wa gia pamoja na volti takriban 2 zinazopotea ndani ya L298N (saketi inayoipa mota umeme) huiacha mota imesimama kwa amri zote za chini, hivyo sehemu ya PID inayojumlisha makosa huendelea kujikusanya hadi mota iruke, ipitilize lengo, na hali ileile ijirudie upande wa pili. Kisha waurudishe mrejesho na waizime sehemu hiyo. Kuyumba kukikoma na kubaki kosa dogo lisilobadilika, chanzo ni hicho. Mimi huwataka wachore kwa mikono yao grafu ya mwendo wa mota kwa kila amri ya PWM kabla sijawapa mlinganyo wowote, kwa sababu hapo ndipo wanapoiona tofauti kati ya mota halisi na ile ya ubaoni.

Iwapo mtikisiko ni wa haraka, angalieni muda kati ya usomaji mmoja wa sensa na mwingine, kwani kutuma data nyingi kwenye kompyuta katika kila mzunguko wa programu huurefusha.