Usiache Dawa ya Presha kwa Kuhofia Madini Joto

Dada mmoja wa Kasese ameniandikia akiuliza kama aache dawa yake ya presha, kwa kuwa amesikia kwamba dawa za kuongeza mkojo huondoa mwilini madini joto (ayodini), ambayo tezi ya shingo huyahitaji ili itengeneze homoni zake. Nalichukulia swali lake kwa uzito, kwani mimi nilipouliza jambo hilo hilo katika kliniki moja niliambiwa nisijifanye daktari, na maneno hayo bado yananiuma.

Alichosikia kina ukweli. Zaidi ya asilimia 90 ya madini joto tunayokula hutoka kwa njia ya mkojo. Figo huchuja damu na kurudisha mwilini sehemu kubwa ya chumvi iliyochujwa. Dawa za kuongeza mkojo kama furosemidi na haidroklorothiazaidi huzuia urudishaji huo, na madini joto, ambayo ni ya ukoo mmoja na kloridi ya chumvi, huweza kupotea pamoja nayo. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1960 wapo madaktari waliowapa wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo dawa hizi makusudi, ili madini joto yapungue mwilini na saratani ifyonze vizuri zaidi madini joto yenye mionzi yanayotumika kuitibu.

Hata hivyo, jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni chumvi yenyewe. Mgonjwa wa presha huambiwa asizidishe gramu 5 kwa siku. Chumvi yenye mikrogramu 30 za madini joto kwa kila gramu humpa mikrogramu 150, ambazo ndizo mahitaji ya mtu mzima. Akiipunguza kwa nusu, au akitumia chumvi ya Ziwa Katwe isiyoongezwa madini hayo, hupungukiwa kabla hata dawa haijafanya kazi. Mukene (dagaa) na ngege (sato) wetu hawawezi kuziba pengo lote, kwani samaki wa maji baridi wana madini joto machache kuliko wa baharini.

Mimi sikuacha dawa. Nilichagua chumvi ya pakiti iliyoongezwa madini joto, nikaifunika vizuri, nikawa naitia chakula kinapokaribia kuiva, na nikaongeza maziwa na mayai. Kipimo cha homoni ya TSH, kinachoonyesha kama tezi ya shingo inafanya kazi vizuri, kilipotoka sawa, nilijivunia, na bado najivunia.

Dada yangu, presha isiyotibiwa huweza kupasua mishipa ya ubongo, usiiache dawa. Usijinunulie vidonge vya madini joto pia, kwa maana yakizidi nayo huvuruga tezi. Omba kipimo cha TSH, na kama una mimba mwambie daktari mapema, kwa sababu mahitaji yako yamefika mikrogramu 250 na huenda dawa yenyewe ikahitaji kubadilishwa.