Kuta tatu kwa siku moja: saa zinavujia wapi

Wanaotaka kupanda kuta kadhaa za Alpi kwa siku moja huniuliza kwanza habari za nguvu: mazoezi ya vidole, daraja la ugumu, uzito wa mwili. Mimi huwarudishia swali jingine. Mwenzako akishakufikia kituoni, pale mnapojifunga ukutani na kushikiana kamba, zinapita dakika ngapi hadi mmoja wenu aondoke tena? Kama hujui, pima kwa saa ya mkononi safari ijayo. Wengi hushtuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuta tatu, kila moja vipande kumi na vitano vya kamba (kipande ni mpando kutoka kituo hadi kituo), ni vituo 45. Poteza dakika tano tu kila kituo kwa kutafuta vifaa, kufumua kamba na kupiga soga, na utakuwa umemwaga saa tatu na dakika 45. Huo ni ukuta mzima.

Pale Tre Cime di Lavaredo, vilele vitatu vilivyo jirani kwenye milima ya Dolomiti, Italia, kuna mfano ninaoupenda. Mpandaji Mwitaliano Emilio Comici na ndugu wawili wa familia ya Dimai walipoupanda ukuta wa kaskazini wa Cima Grande, kilele kirefu kuliko vyote vitatu, kwa mara ya kwanza, Agosti 1933, walilazimika kulala ukutani. Mwaka 1937 Comici alirudi peke yake akaumaliza chini ya saa nne. Mwamba ulikuwa uleule, mita mia tano na ushei. Ila safari hii alijua pa kwenda, na hakuwa na mtu wa kumsubiri. (Sisemi ukapande peke yako. Usiende.)

Sasa twende kituoni. Sisi hatupokezani uongozi kila kipande. Mmoja anatangulia vipande vitano au sita mfululizo, ndipo tunabadilishana. Anayetangulia anapumzika wakati mwenzake anapanda, na kichwa chake hakitoki kwenye njia. Lakini hapo kuna mtego: kamba aliyoivuta ina ncha yake chini kabisa ya rundo, na ndiyo anayoihitaji kwanza. Kwa hiyo anaikunja vitanzi juu ya kamba iliyomfunga kituoni, vya kwanza vifupi, vinavyofuata virefu zaidi. Mwenzake akifika, rundo zima linageuzwa kama ukurasa wa kitabu na kulazwa upande wa pili. Vifupi sasa viko juu, wala havinasi kwenye vile virefu. Ukivipanga kinyume utapata kiota cha ndege, nawe utakifumua ukiwa unaning'inia huku vidole vimekufa ganzi. Anayefika naye hashiki vifaa mkononi akauliza aviweke wapi. Alishavipanga kiunoni tangu njiani, vikubwa nyuma, vidogo mbele, na anavihamishia kwenye mkanda mmoja tu. Kula na kunywa ni kwa anayemshikia mwenzake kamba kutoka juu, kwa mkono mmoja. Wa pili hauiachi kamba hata kwa sekunde.

Viatu: legeza visigino kila kituo. Vya kushukia viwe vyepesi, vining'inie kiunoni.

Hata hivyo, uvujaji mkubwa kuliko wote hauko ukutani. Uko kwenye kushuka. Mara ya kwanza nilipojaribu kuunganisha vilele hivi, tulifika juu ya Cima Grande saa saba mchana, tumejawa na majivuno, kisha tukaanza kushuka upande wa kusini. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya mlima, ileile waliyoipata wapandaji wa kwanza mwaka 1869, na kwa ugumu si kitu ukilinganisha na tulikotoka. Shida ni kwamba ni mlolongo wa vibaraza na makorongo yanayofanana, na kila aliyepotea amejenga kirundo chake cha mawe ya alama. Tukafuata virundo hivyo kwa utii hadi kwenye ukingo uliokatika ghafla, miguu ikiwa hewani. Kupanda kurudi, kutafuta, kubishana: saa moja na nusu. Ukuta wa tatu tukauacha uliposimama.

Tangu siku hiyo najifunza njia ya kushukia kabla ya njia ya kupandia. Siku moja au mbili kabla, napanda kwa njia hiyo ya kawaida, na kila penye njia panda nageuka kupiga picha nikitazama chini, maana ndivyo nitakavyopaona nikiwa nimechoka.

Mnaposhuka kwa kamba, fungeni fundo kila ncha, na semeni kwa sauti rangi ya kamba itakayovutwa. Anayefika chini kwanza aivute mita moja kabla mwenzake hajaanza kushuka. Ikikataa, aliye juu bado anaweza kuirekebisha. Akishashuka naye, mmebaki na kamba iliyonasa na ubishi. Na mwamba wa Dolomiti unavunjika. Kamba inayoanguka huja na mawe. Kofia ngumu isitoke kichwani mpaka muwe kwenye njia ya miguu.

Kuhusu mpangilio, kiangazi radi hupenda mchana, kwa hiyo ukuta mgumu kutoroka uwe wa kwanza, na wa mwisho uwe ule ambao mnaweza kuuacha katikati bila balaa. Saa ya kugeuka ipangwe jioni ya kuamkia safari, kabla tamaa haijaamka.

Mtasikia pia habari za wapandaji wanaokwenda wote wawili kwa pamoja, kamba katikati, bila vituo. Machi 2014 Ueli Steck na Michi Wohlleben walipanda kuta tatu za kaskazini za Tre Cime kwa takriban saa 16, tena wakati wa baridi. Huo si mwongozo kwako. Ukienda hivyo, mwenzako wa nyuma akiteleza anakung'oa na wewe, kwa hiyo mimi huruhusu pale tu ambapo wote wawili tungepanda bila kamba na bila kuwaza.

Anzeni na kuta mbili fupi zilizo jirani, njia mnazozijua, na mwendelee kuandika dakika za vituo. Za kwetu, siku tulipopima mara ya kwanza, zilikuwa kumi na moja.