Nimeshasaini kazi moja, nyingine imenipigia simu: nikatae vipi?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga kwa wazazi wangu. Mwezi uliopita nilifanya usaili sehemu mbili. Moja ni hospitali ya Dar es Salaam, ambako mjomba ndiye aliyenisemea. Siku ya usaili niliwaambia, "Wallahi mkinichukua nakuja." Wakakaa kimya muda mrefu, nikajua nimekosa. Ya pili ni zahanati ya mtu binafsi Muheza. Hawa walinikubali, nikasaini mkataba, naanza tarehe mosi. Juzi hospitali wamenipigia kuwa nimepata, na mshahara unakaribia mara mbili ya ule wa Muheza. Moyo wangu unataka kubaki na nilikosaini. Lakini mama anasema simu ile ndiyo jibu la istikhara (swala ya kuomba uongozi) niliyoswali, na wenzangu wananishauri nisipokee simu zao mpaka wachoke, au niseme naumwa. Je, kiapo changu kinanifunga? Na nikikataa, nikatae vipi bila kumvunjia mjomba heshima?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ulilosaini Muheza si ahadi ya mdomo. Ni ijara, mkataba wa kukodisha nguvu zako kwa ujira unaojulikana, na mafakihi wa madhehebu manne wanauhesabu kuwa mkataba unaofunga pande zote mbili. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaanza kwa kuwaamuru walioamini watimize mikataba. Haikusema mpaka upatikane mshahara mzuri zaidi. Yule mwenye zahanati, baada ya kukusainisha, bila shaka amewaambia waombaji wengine nafasi imejaa. Wewe ndiye aliyebaki naye mkononi.

Kuhusu fedha, nakupa kisa kimoja kilichomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walipotaka kuhama Makka walimkodi mtu wa kabila la Bani Dil awaongoze njia. Vitabu vya sira vinamtaja kwa jina la Abdullah bin Urayqit. Hakuwa Muislamu, alikuwa bado kwenye dini ya Makuraishi. Wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana wakutane kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Wakati huohuo Makuraishi walikuwa wameshatangaza dia (fidia ya damu) kwa kila mmoja wao kwa atakayewaua au kuwakamata, na dia kamili ni ngamia mia moja. Mtu yule alikuwa anajua pango lilipo. Asubuhi ya siku ya tatu akatokea na wale ngamia wawili, akawaongoza kwa njia ya pwani mpaka Madina. Mshirikina aliyekodiwa alishika mkataba wake huku ngamia mia wakitangazwa mjini. Sisi tunaoswali swala tano tunatafuta fatwa ya kuuacha kwa nyongeza ya mshahara.

Sikwambii kwamba umefungwa maisha. Waislamu wako juu ya masharti yao, na kama mkataba wako una kipengele cha notisi, kuondoka kwa kipengele hicho baadaye si uvunjaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja notisi isiyopungua siku 7 katika mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi, pale mkataba unapoweza kusitishwa kwa notisi. Lakini kwenda kuripoti tarehe mosi huku barua ya kuacha kazi iko tayari kwenye pochi ni hadaa, hata kama karatasi inakuruhusu. Uko pia mlango wa iqala, yaani kumwomba mwenye zahanati akuachilie kwa hiari yake. Mtume (s.a.w.) amemsifu anayemkubalia mwenzake kurudisha mapatano aliyoyajutia. Huo ungekuwa halali kwako. Lakini wewe mwenyewe umesema moyo wako uko Muheza, basi sina sababu ya kukusukuma.

Mama mwambie kwa upole kwamba istikhara ni dua ya kuomba heri, na simu inayokuja baada yake haiwi wahyi. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) tunafundishwa kuomba jambo liwe jepesi kama ni heri katika dini yetu, katika maisha yetu na katika mwisho wake. Dini imetangulia kutajwa hapo. Istikhara huswaliwa kati ya mambo mawili yaliyo halali kwako kuyachagua, nawe ulikwisha kuchagua kwa saini.

Sasa tuje kwenye kukataa kwenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapoharibu. Tuna haya ya kusema hapana. Mtu akiona vibaya kukataa, anasema "inshallah" huku moyoni ameshaamua kutokwenda, au anazima simu, na anajihesabu kuwa muungwana. Jina la Mwenyezi Mungu halikuwekwa liwe pazia la kujifichia. Na kutopokea simu ni dhuluma ya kimyakimya: wodi ina upungufu wa muuguzi, na kuna binti mwingine, pengine ana shida kuliko wewe, anasubiri nafasi uliyoikalia bila kuitumia. Kila siku unayonyamaza unamla yeye siku yake.

Kusema naumwa ni uongo, haukuruhusiwa. Uongo ulioruhusiwa umetajwa katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba: katika vita, katika kupatanisha watu, na maneno ya mume na mke baina yao. Kukwepa aibu ya simu moja haimo. Wapo watakaokufundisha kutumia maneno ya kuzunguka, ambayo kwa dhahiri si uongo. Wanavyuoni wameyaruhusu penye haja, na wewe haja huna. Ukweli wako haukuaibishi hata kidogo.

Tena ukweli huu unawakinga wao. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza juu ya uuzaji wa nduguye na kuposa juu ya posa ya nduguye, na wanavyuoni wameiingiza ijara humo humo. Hospitali wakijua umeshasaini kwingine kisha wakakuongezea dau ili uvunje, wameingia katika katazo hilo. Wasipojua hawana kosa, lakini wataendelea kukubembeleza na kukupandishia, na kila wakipandisha nawe utadhoofika. Kwa hiyo usiishie kusema "sitaweza". Wape na sababu: nimeshasaini. Kiasi cha mshahara na jina la zahanati si haki yao kujua, wakiuliza unaweza kuwaambia hilo ungependa libaki kwako.

Piga simu ikiwezekana, kisha fuatiliza kwa maandishi ili ibaki kumbukumbu. Maneno kama haya yanatosha:

"Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi mliyenipigia juzi kunijulisha kuwa nimepata nafasi. Nashukuru sana kwa kunichagua na kwa namna mlivyonipokea siku ya usaili. Kabla ya simu yenu nilikuwa nimeshasaini mkataba sehemu nyingine, kwa hiyo sitaweza kuja. Naomba nafasi hii apewe mwenzangu. Samahani kwa usumbufu, na Mwenyezi Mungu awabariki katika kazi yenu ya kuhudumia wagonjwa."

Usiongeze "labda mwakani" wala "nitawatafuta" kama huna nia hiyo. Mtu hukamatwa kwa neno la adabu alilotupia mwisho. Shukrani usiiache, asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu, ndivyo ilivyokuja katika hadithi.

Kabla ya kutuma ujumbe huo, mjomba ajue. Tena asijulie hospitalini. Yeye ameweka uso wake kwa ajili yako, na kumsaidia mtu kwa jambo jema kumetajwa katika Suratun Nisaa kuwa mwenye kufanya hivyo ana fungu lake, basi fungu lake amelipata hata kama kazi hukuichukua. Mpigie jioni akiwa ametulia, mwamkie, mwache amalize kuulizia hali za nyumbani, kisha mweleze: nafasi uliyonisemea imetoka, nakushukuru mjomba, lakini walichelewa na mimi nikawa nimeshasaini Muheza, naogopa kuvunja mkataba wa watu. Akikasirika, msikilize. Usijibizane naye, na usibadilishe msimamo kwa sababu ya sauti yake. Mwambie pia kwamba unamwachia nafasi ya kuwapigia hospitali kwanza akipenda. Wazee wengi hasira yao hutulia hapo, maana yeye ndiye aliyefungua mlango na yeye ndiye anayeufunga.

Kimebaki kiapo. Ahadi yako kwa hospitali ilikuwa ya kweli siku uliyoitoa, kwa hiyo haikuingizi katika sifa za mnafiki anayeahidi huku amekusudia kutotimiza. Imam Nawawi ameeleza katika al-Adhkar kwamba wanavyuoni wengi wanaona kutimiza ahadi isiyo mkataba ni sunna iliyotiliwa mkazo na kuiacha ni makuruhu mazito, yaani jambo lisilopendeza kabisa, na wapo waliosema ni wajibu. Mkataba uliokwisha kufungwa una nguvu zaidi kuliko ahadi hiyo, nao ndio unaotangulizwa.

Lakini wewe ulitia "Wallahi". Pwani yetu neno hili liko karibu na ulimi kuliko mate, na Bibi Aisha (r.a.) amesema kiapo cha upuuzi ambacho Mwenyezi Mungu hatuchukulii ni kama mtu kusema tu "la wallahi" na "ndiyo wallahi" katika mazungumzo. Kama lilikutoka hivyo, huna kafara, yaani malipo ya kuvunja kiapo. Kama ulikusudia kuapa ili wakuamini, na kwa maelezo yako naona ndivyo, basi kiapo kimefungika, na ukikataa utatoa kafara. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Samura kwamba ukiapa kisha ukaona lililo bora kuliko uliloapia, toa kafara ya kiapo chako na ufanye lililo bora.

Kafara imetajwa katika aya ya 89 ya Suratul Maida: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza hayo ndiye afunge siku tatu. Wengi wetu hukimbilia kufunga moja kwa moja, na hilo halisihi kwa mwenye uwezo wa kulisha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wenu mnaifuata huko Tanga, kila maskini hupewa mudi moja (kipimo cha zamani cha nafaka) ya chakula kikuu cha mji. Kwa tahadhari kadiria robo tatu ya kilo ya mchele, yaani kilo saba na nusu kwa wote kumi, na wawe watu kumi kweli, usimpe mmoja mara kumi. Unaweza kulisha hata kabla ya kutuma ujumbe wa kukataa. Kama huna uwezo kabisa na utafunga, basi subiri mpaka uwe umeshakataa, na si lazima siku hizo tatu zifuatane.

Wallahu a'lam.