Mwenye dini na asiyeamini: niliyoyaona kwenye meza ya ukaguzi

Ndugu uliyeuliza kama mwenye dini ana maadili kuliko asiyeamini Mungu, nimesoma majibu ya waliotangulia. Mmoja anasema asiyemcha Mungu hana breki. Mwingine anamjibu kwamba anayetenda mema kwa kuogopa moto hana wema, ana woga tu. Watu wanaowaelezea, mimi bado sijakutana nao. Nina miaka 19 kwenye ukaguzi wa ndani wa hesabu, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni kukaa meza moja na mtu aliyechukua kisicho chake, ukamwomba akueleze ilikuwaje. Niseme mapema kwamba mimi ni muumini, nasali, na sina nia ya kuacha.

Dini ya mtu haijanisaidia hata siku moja kujua nianze kumkagua nani. Wizi niliouona ulifanana: mtu amebanwa na shida au ameshikwa na tamaa, mali iko mikononi mwake peke yake, na moyoni ana neno moja, "nitarudisha". Mwenye rozari mfukoni alilisema, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso alilisema, na asiyeamini chochote alilisema vilevile. Anapochukua hajioni mwizi, anajiona anakopa.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma utafiti ulioongozwa na mwanasaikolojia Wilhelm Hofmann, uliochapishwa 2014. Watu wazima 1,252 wa Marekani na Kanada waliulizwa kupitia simu zao, mara kadhaa kwa siku, kama muda mfupi uliopita walikuwa wametenda au kutendewa jambo jema au baya. Wenye dini na wasio na dini hawakupishana kwa wingi wa mema wala wa mabaya waliyotenda. Walipopishana ni kwenye moyo: mwenye dini akikosea, hatia na aibu humchoma zaidi. Naona hapo ndipo swali lako lilipo. Maumivu hayo yeye huyapeleka wapi?

Kuna mtunza stoo mmoja, mtu mzima, alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Kuhesabu stoo kulionyesha upungufu wa matairi na betri, na nilipofukua leja za nyuma nikakuta vocha za kutolea vifaa zenye saini za kughushi, za miaka miwili iliyopita. Nilizipanga mezani moja moja. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akazisoma zote bila haraka. Kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hili nilishalimaliza. Nimefunga, nimelia usiku, nimetubu. Mungu ameshanisamehe."

Nikamuuliza: "Na yule kijana, mzee wangu?"

Kijana alikuwa msaidizi wake. Upotevu ule ulipoonekana mara ya kwanza, ni yeye aliyefukuzwa kazi. Mzee alinyamaza, akatazama dirishani. "Sijui aliko," akasema.

Nataka nieleweke. Mzee yule hakuwa mnafiki. Naamini alilia kweli na alifunga kweli. Dini ilimpa mahali pa kutua mzigo wake, akautua, na ulipotua hakuona tena sababu ya kumtafuta aliyeumia.

Wala si dini yake iliyomfundisha hivyo. Waislamu wana jambo linaloitwa haki ya mja: ulichomdhulumu mtu, toba peke yake haikifuti mpaka umrudishie mwenyewe au akuhalalishie. Injili ya Mathayo, sura ya 5, inasema ukifika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, nenda kwanza ukapatane naye. Katika mafundisho ya Kiyahudi, Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, haifuti kosa ulilomtendea mwenzako mpaka umtake radhi. Sisi tunaoamini tunaruka kifungu hicho kwa sababu ndicho kinachotulazimisha kumtazama mtu usoni.

Mhasibu mwenzangu haamini Mungu na hafichi. Siku moja aligundua kwamba kosa lake kwenye orodha ya mishahara lilimkata mlinzi fedha kwa miezi minne. Hakuna aliyekuwa amegundua, na angeweza kurekebisha kimyakimya mwezi unaofuata. Alishuka hadi getini, akamwambia mlinzi kwamba kosa ni lake, akamlipa kutoka mfukoni mwake huku marekebisho yakisubiriwa. Nilimuuliza kwa nini hakurekebisha tu yakaisha. Akanijibu: "Ningemwambia nani tena, kama si yeye?"

Jibu hilo sijalisahau. Ila msikimbilie kusema kumbe wasioamini ndio bora. Nimekaa pia na asiyeamini aliyenitazama bila kupepesa akasema kampuni si mtu, haiumii, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Alikuwa analala vizuri. Yeye hakuwa na madhabahu wala mlinzi wa kumkumbuka.

Kuna pia aliyejibu kwa kutaja vita na mauaji; hapo nitapita haraka. Rwanda, 1994, maelfu waliuawa ndani ya kanisa la Ntarama walikokimbilia kujificha, katika nchi iliyojaa waumini. Muungano wa Kisovieti chini ya Stalin, ukihubiri kwamba hakuna Mungu, uliwaua kwa risasi zaidi ya watu 680,000 katika 1937 na 1938 pekee. Anayezihesabu maiti hizo ili upande wake ushinde hanisaidii kujua nifanye nini kesho nikiwa na ufunguo wa stoo.

Nguvu ya dini ninayoikubali bila kusita ni ile ya kuamsha. Kuna jaribio walilofanyiwa wenye maduka wa Marrakech, Morocco, likachapishwa 2015: walipewa uchaguzi kati ya kujipatia fedha na kutoa sadaka. Adhana ilipokuwa inasikika, wote walichagua sadaka. Nyakati nyingine, asilimia 59 tu. Watu ni walewale na imani ni ileile. Asiyeamini hana wa kumwita hivyo, inabidi ajiamshe mwenyewe, na wanaoweza nawaheshimu sana. Lakini kusikia nako kuna mpaka. Katika jaribio la wanasaikolojia Darley na Batson la 1973, wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani, walimkuta mtu njiani ameinama anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, mmoja tu kati ya kumi alisimama kumsaidia, na kati ya wasio na haraka walisimama asilimia 63. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, yule wa kwenye Injili aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani.

Nirudi kwa mzee. Faili la yule kijana lilikuwa na namba ya simu ya dada yake. Ndani yake kulikuwa pia na ripoti iliyomfukuzisha, na ripoti hiyo niliiandika mimi. Niliamini saini za vocha, sikuzilinganisha na nyingine, na jioni ile nilisali kama kawaida. Kwa siku tatu nilitembea na namba hiyo kwenye karatasi. Siku ya nne nilimwita mzee ofisini, nikafunga mlango, nikapiga. Dada akapokea, akamwita kaka yake. Mzee alishika simu kwa mikono miwili, akataja jina lake, kisha akasema yote, hata ambayo sikuwa nimeyapata kwenye vocha. Alipomaliza alinipa simu. Kijana bado alikuwa anasikiliza, na mimi nilikuwa na langu la kumwambia.